Mumbua Ameposwa, Dada Mwende

Dada Mwende,

Mwanao Mumbua ameposwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Kijana anatoka Masii, mtulivu, anafundisha shule ya msingi. Jumamosi walileta mbuzi wa ntheo kufunga uchumba, na mimi ndiye niliyeongea kwa niaba yako.

Ulituacha mimi nikiwa kiziwi kabisa. Ile homa ya uti wa mgongo iliponiachilia, niliamka hospitalini nikaona midomo ya watu inacheza tu, bila sauti. Nilifunga saluni hapa Mumbuni kwa sababu wateja wakicheka nilidhani wananicheka mimi. Wewe ukaja ukafungua mlango, ukaketi, ukanionyesha mdomo wako kwenye kioo. Ukasema polepole, "Masikio ndiyo yameisha, Ndinda. Mikono bado iko." Nikakusuka huku nikilia.

Baada ya kukuzika nilifunga tena. Nililala mchana kutwa, chakula hakikupita, kanisa nikaliacha. Mumbua ndiye aliyenipeleka kwa madaktari Nairobi. Walinipasua nyuma ya sikio wakaingiza waya mwembamba. Kidude cha nje kinashikwa kichwani na sumaku. Siku walipokiwasha, Mumbua aliongea nami nikasikia kama bati linakwaruzwa. Kila mtu mle chumbani alikuwa ananitazama akingoja nifurahi. Nikatabasamu. Nyumbani nikakivua, nikakifungia kabatini.

Kule kliniki kuna mama mmoja ambaye naye anavaa mashine kama yangu. Aliniuliza kama napata usingizi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu uende. Nikamweleza yote, kwamba najiona mzigo, kwamba naogopa hata sauti yangu mwenyewe. Akasema, "Kusikia kutakuja. Wewe usijifiche tu." Nikakitoa kidude kabatini nikakivaa, na tunaonana naye hadi leo. Sauti zimerudi kidogo kidogo. Saluni iko wazi, na mteja akiongea namwelewa, ila redio na kikausha nywele vikinguruma pamoja. Kile kitambaa nilichokuwa nafunga kuficha kidude, nimeacha.

Siku ya ntheo ilipokaribia, kaka yetu Kioko alisema mbele ya wote, "Tutafute mwingine wa kuongea mahali pa Mwende. Ndinda hasikii vizuri, tutaaibika." Hana ubaya, unamjua. Zamani ningeinuka niende jikoni. Safari hii nilibaki nimekaa. Nikasema, "Mtu mmoja akiongea, nasikia. Mkiongea watano, hata nyinyi hamsikilizani." Walicheka, na nilijua wanacheka nini.

Siku yenyewe, mzee wa upande wa kijana aliongea haraka, akiangalia chini. Sikushika kitu. Nikamwambia, "Mzee, naomba unitazame ukiongea. Masikio yangu yalikufa, natumia mashine." Mzee akageuza kiti chake, akaanza upya. Aliuliza kama tunakubali mtoto wetu awe wao. Nikamgeukia Mumbua, nikamuuliza yeye mwenyewe. Akasema ndiyo. Nikamjibu mzee kwa sauti ambayo bado siipendi, lakini watu wote waliisikia, hadi wale waliokuwa nje. Kioko alinipakulia nyama yeye mwenyewe.

Jambo moja linaniuma. Watu wanasema Mumbua anaongea kama wewe kabisa. Mimi namsikia kupitia mashine, na sauti yako ninayoikumbuka ni ya kabla ya homa. Siwezi kuzilinganisha. Nawaamini tu.

Pumzika, dada. Harusi nitaisimamia. Na siku nikilemewa, maana siku hizo bado zinakuja, nitamwambia mtu. Sitafunga mlango.

Mdogo wako,
Ndinda