Zima, Hiki ni Kipindi cha Kusikiliza

Adela, huyu mkufunzi wetu Mbonile hana akili!!

Leo zamu yangu ya kufundisha muziki. Nikawawekea wenzangu kwenye simu sauti ya bibi yangu akiimba wimbo wa kupura ulezi, ule niliomrekodi kijijini Kate. Darasa kimya, wanasikiliza.

Mbonile akafoka kutoka nyuma: "Zima hiyo kelele! Hiki ni kipindi cha kusikiliza!"

Adela. Cha KUSIKILIZA. Halafu nizime!!

Eti niandike ubaoni maana ya kusikiliza, wao wanakili. "Wewe ualimu huuwezi." Mbele ya watu wote!

Mwaka mzima hajatusikilizisha hata filimbi, mshenzi yule.

Kesho narudia somo. Simu naiacha. Bibi yupo hapa mjini, mtaa wa Kizwite kwa mjomba, nakuja naye. Mbonile ataanza kwa kumpa bibi shikamoo, halafu tuone atamzima vipi.