Maji ya Alfajiri kwenye Rejeta

Mtaa wa Utete,
Ilala, Dar es Salaam.
Jumamosi, 22 Februari 2025.

Mpendwa mwanangu Abdulhamid,

Gari haikufa. Usimsikilize Fikirini na hizo sauti anazokurushia kwenye simu. Injini nzima, silinda hedi haikupinda, na fundi Jovin hakuiba kitu. Hilo la wizi ndilo lililonikalisha hapa leo. Lakini Badria ndiye anayeandika, na ananikata jicho, anasema mama, barua haianzi hivyo, salamu kwanza. Haya, salamu.

Assalaam aleikum, baba. Shikamoo yako najua ungeitoa, kwa hiyo marahaba. Hujambo? Nasreen mkeo hajambo? Na mtoto, meno yameshatoka? Yakichelewa msihangaike, wewe mwenyewe ulikaa kibogoyo mpaka watu wakaanza kuuliza. Sisi wazima. Magoti yangu ndio yale yale, la kulia linaamka na mie, la kushoto linaamka likitaka. Presha daktari kasema imetulia. Joto la mwaka huu sijaliona, mtu unakaa kwenye feni na feni yenyewe inatoka jasho.

Ramadhani iko mlangoni. Wiki ijayo, mwezi ukionekana, tunafunga. Kariakoo haikanyagiki, watu wananunua tende na sukari utadhani kesho maduka yanahama. Zile tende zako zilifika, mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimezificha, maana nyumba hii ina panya wenye miguu miwili.

Utauliza barua ya nini na simu zipo. Simu unayoongea nayo ni ya Fikirini, ukituma neno yeye ndiye wa kwanza kulisikia. Barua inakuja na mtu wa kago, anaondoka Jumatatu. Tena neno hili sitaki liruke hewani. Nataka ulishike mkononi.

Nianze na mzigo wako. Pikapu ya marehemu mume wangu, mzee Mwinyimvua, Mungu amrehemu, ndiyo hiyo hiyo anayoendesha mkwe wangu Fikirini, mume wa Badria, anabeba majora ya vitambaa kutoka Kariakoo kupeleka Buguruni. Mwezi wa kumi na mbili ilichemsha mara nne. Mara moja foleni ya Msimbazi, moshi umepanda, watu wakaruka wakidhani inaungua, kumbe mvuke. Fikirini amesimama katikati ya barabara na kitambaa mkononi, anaipepea kama mgonjwa. Ndipo wewe uliposema, kwa kuwa kazi yako huko Sharjah ni magari, shangazi, ipo kulanti, dawa ya kupoza injini, isiyokuwa na maji hata tone. Ukatuma galoni nne.

Sasa mie naijua hiyo kulanti. Niulize. Maji yanachemka upesi, yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma, mpira unapasuka, na chuma ndani kinaliwa na kutu. Hii yako haina maji, kwa hiyo moto wa injini hauifikishi kuchemka, haisukumi mipira, wala kutu haipati pa kuanzia. Ni ghali, lakini unatia leo unasahau miaka. Juzi nimemweleza muuza mihogo hapo nje, akasema bi mkubwa, wewe fungua gereji. Nikamwambia nifungue, halafu wewe mihogo utamuuzia nani?

Aliyeitia ni Jovin, fundi wa Buguruni, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, anasema na gari kama anabembeleza ng'ombe wa kukamua. Mie sikuwepo. Nilikuwa Bagamoyo kwenye arobaini ya wifi yangu, nikakaa siku kumi na mbili. Walivyonisimulia, siku nzima hakula. Alimwaga maji yote, akafungua mipira, akapuliza kila tundu kwa upepo wa kompresa mpaka pakakauka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ndipo akatia yako, galoni mbili. Mbili zilizobaki ziko chini ya kitanda changu. Mwisho akachukua rangi nyekundu akaandika maneno juu ya rejeta.

Niliporudi nikakuta raha tupu. Fikirini anaimba. Saa saba mchana, jua la utosi, mzigo mpaka juu, sindano ya joto haitikisiki.

Sasa hapa kaa vizuri.

Unajua nilivyoishi na mzee. Miaka thelathini na nane, kila alfajiri tukishaswali, yeye anafungua boneti, mie natoka na kopo la maji, namimina kwenye rejeta mpaka juu. Ilikuwa kazi yangu. Kuna wakati tulinuniana siku tatu, hatusemeshani hata chumvi iko wapi, lakini kopo lilitoka na boneti ilifunguliwa. Alipofariki watu walisema pole, wakala wali, wakaenda zao. Alfajiri ya kwanza nikajikuta nimesimama uani na kopo. Nikaifungua boneti mwenyewe. Tangu hapo sikuacha hata siku moja nikiwa mjini. Hawajui. Fikirini anaamka saa moja, mie saa kumi na moja na nusu nimeshamaliza, boneti naigandamiza taratibu isilie. Kwa nini niwaambie? Wangeninyang'anya, waseme mama pumzika.

Basi nilivyorudi kutoka Bagamoyo nikafungua kama kawaida. Nikaona mle ndani kitu kizito, kinateleza, shira ya kaimati kabisa. Nikasema Abdulhamid kaleta kitu kizuri lakini kizito mno, na shira ikizidi uzito dawa yake unajua. Nikaongeza maji; haina maji nilisikia, haitaki maji sikusikia. Yale maandishi mekundu niliyaona. Nikasema mafundi wa siku hizi, mpaka gari za watu wanaandika majina yao.

Siku ya kwanza ilikunywa robo kopo. Baada ya wiki ikawa inakunywa nusu, mie nafurahi, nasema imenizoea tena.

Alhamisi ya wiki iliyopita ikachemsha pale Karume, ikatapika njia nzima. Wakaikokota mpaka hapa nyumbani. Jovin akaitwa. Akachukua kile kidude ulichotia kwenye boksi, unaweka tone moja unachungulia kwenye mwanga, akachungulia, akakifuta, akachungulia tena.

Akasema, "Kaka, humu mna maji. Mengi."

Fikirini akasema, "Ya nani?"

"Sijui. Mimi sikutia."

"Juzi ulipita hapa ukafungua boneti, ukasema unakagua tu. Ulikuja kukagua au kufyonza? Mali ya Sharjah umeuza, umetuachia maji ya bomba yenye rangi!"

Hapo watu wameshajaa. Mmoja akapiga kelele, "Fundi Maji!" Wakacheka wote. Jovin alisimama na spana mkononi, akasema kaka, mimi nina watoto, nisingeweza. Fikirini akamwambia hata wezi wana watoto. Kisha akanigeukia mie niliyekaa barazani. "Mama, si ulikuwepo hapa alipopita? Alifungua boneti?" Nikasema alifungua. Na ni kweli alifungua. Neno la kweli kabisa, mwanangu, na kwa neno lile nikamfunga mtu.

Jovin akaniangalia. Akaokota vifaa vyake akaondoka, spana namba kumi akaisahau kwenye baraza letu.

Watu walipotawanyika nikamuuliza Badria, mwanangu, pale kwenye rejeta pameandikwaje? Akasema, "Usitie maji." Nikasema ahaa. Nikaingia ndani.

Badria ameacha kuandika. Ananitazama, mkono kausimamisha hewani. Kwa hiyo naye ndio anasikia leo. Andika, mama, andika. Ndiyo, ni mie. Andika na hilo, kwamba ni mie.

Ananiuliza siku tisa zote nilikuwa nangoja nini. Swali la haki. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili nikajiambia watasahau. Siku ya tatu nikasikia kwamba pale Buguruni wateja wawili waliokuwa wameacha gari zao kwa Jovin wamekwenda kuzichukua hata hazijafungwa boneti, na watoto wa mtaani wakimwona wanaimba Fundi Maji, Fundi Maji. Ikawa kila siku nikisema nitasema, neno linakuwa limenenepa kuliko jana, halipiti kooni. Na kopo nimeacha. Alfajiri siku tisa sijui mikono niiweke wapi.

Leo limepita kwa sababu lazima. Fikirini alimpeleka Jovin kwa mjumbe wetu, Angela, yule mama mwenye sauti ya tarumbeta. Fikirini amesema Jovin arudishe kulanti yako, la sivyo wanakwenda polisi. Angela kawaita leo baada ya alasiri, kwenye baraza lake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Na shahidi aliyeandikwa na Fikirini, mwanangu, ni mie.

Badria anasema, "Mama, niache kwanza nikamwambie mume wangu pembeni, taratibu, asiaibike."

Hapana. Alimsema mtu mbele za watu, atasikia mbele za watu. Simchukii Fikirini, ni mkwe wangu na ananilea, akinunua samaki kichwa ananiachia mie. Kosa la maji ni langu na nitalibeba lote. Lakini neno mwizi alilitoa yeye, na pole ataitoa yeye, papo hapo alipo Jovin, na mimi nikiwa nimekaa naangalia mpaka itoke. Angela naye nitamwambia asiifunge kesi kimya kimya. Asimame atangaze. Ile sauti Mungu kampa ya kazi gani?

Mie siogopi. Nina miaka sabini na sita, watacheka wakichoka wataacha. Wakiniita Bibi Maji nitaitika. Mimi jina langu halinipi ugali. La Jovin linampa.

Halafu nitamwomba msamaha, si wa mdomoni tu kwa kuwa Ramadhani inaingia na kila mtu anasema nisamehe nisamehe huku anatafuna. Nimeshapanga. Zile galoni mbili za chini ya kitanda nitampa yeye mwenyewe mkononi, mbele yao wote. Aimwage ile niliyoiharibu, apulize upya kila tundu, atie hizi. Na kazi aifanyie hapa hapa mtaani, mchana, watu wakiangalia, sio Buguruni. Aliyemwita Fundi Maji aje amshikie taa. Nami nimeshauliza, kwa kuzungukazunguka, fundi mwingine wa hapa jirani: injini inapona, kwa kuwa Fikirini aliizima mapema. Kwa hilo nitamsifia Fikirini, nisiwe wa kusema mabaya tu.

Wewe nakuomba mawili. Kwanza, nisamehe, ulitoa jasho lako nikalitia maji. Pili, ile sauti uliyomtumia Fikirini kwamba fundi kama huyo asiguse tena gari ya familia, ifute kwa nyingine. Mpigie Jovin wewe mwenyewe. Mwambie shangazi kasema. Ukishindwa la kusema, msalimie tu muulize habari za watoto, ataelewa.

Galoni nyingine usitume. Hizi zinatosha, nimekwambia ukitia unasahau miaka. Kama mkono unakuwasha kutuma, tuma mafuta ya magoti.

Badria bado anaandika. Machozi yamemtoka kidogo, amesema ni joto. Ananiuliza, kwa hiyo mama miaka yote hii ulikuwa unaamka kwa ajili ya baba? Nikamwambia nilikuwa naamka kwa ajili ya gari. Ameguna. Andika na kuguna kwako.

Nisalimie Nasreen, umwambie kile kitambaa alicholeta nimeshonea dera, napendeza nacho mpaka najisalimia. Mtoto mbusu, na wale wenzako wa gereji wasalimie wote. Badria anakusalimu. Fikirini hajui kama naandika, lakini naye anakusalimu, najua. Mungu akupe afya, akufungulie riziki za halali, akulinde na jua la huko na maneno ya watu, na akurudishe uje unione ningali naona. Funga salama, futari uliza ni ya nani kabla hujala, huko mmechanganyika.

Nilitaka nikwambie pia habari za nyumba ya jirani zetu kina Mwinyi, wameanza kuchimba msingi, lakini

"Mama! Mama ee! Watu wamekaa, anasubiriwa shahidi!"

Huyo ni Fikirini, yuko mlangoni kwa Angela. Nimechungulia. Jovin yupo, amekaa kwenye kigoda cha pembeni, kainamisha kichwa, kavaa shati la kupigwa pasi.

Badria, nipe ushungi wangu. Hapana, huo mweupe. Na zile galoni zitoe chini ya kitanda, beba moja, mie nitabeba moja. Ni nzito, najua, kwani nimesema ni nyepesi? Mjibu mumeo, sauti isikike mpaka kwa Jovin: shahidi anakuja.

Shangazi yako anayekupenda kuliko unavyojua,
Mgeni binti Salehe

(kwa mkono wa Badria)