Gawio la Kila Ijumaa

London

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na paa la uani, fundi amerudi au bado anakupiga chenga? Sisi hatujambo, ila mimi nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Hata barua hii nimeiacha mezani mara kadhaa nikachungulie simu.

Nakuandikia kwa mkono, na wifi yako anayekuja likizo atakuletea, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Mwalimu hastaafu mdomo.

Uliponitumia kiinua mgongo chako na maneno mawili, "weka yote," nilifurahi. Wenzangu tunaokunywa nao kahawa pale Edgware Road wote wanayo hiyo mifuko ya hisa, na kila Ijumaa simu zinalia: gawio limeingia. Ndilo neno nililokupa, gawio. Wewe ukakumbuka ushirika wenu wa walimu, hisa zimekaa salama na mwisho wa mwaka mnagawana faida.

Niliyokuwa nalinganisha ni mifuko miwili, yote imesimama juu ya kampuni moja tu. Wa kwanza unazidisha mwendo wa hisa mara mbili kila siku: ikipanda, umepanda maradufu, ikishuka, vivyo hivyo. Nikadhani ikishuka leo na kupanda kesho tumerudi pale pale. Haturudi. Gunia ukilipunguza nusu, kisha ukaongeza nusu ya kilichobaki, halijai. Wa pili unawauzia watu wengine mapema haki ya faida hisa ikipanda, na pesa wanayolipa ndiyo inayogawiwa kila wiki. Hisa ikiruka, faida kubwa ni ya mnunuzi. Ikianguka, unaanguka nayo. Huo wa pili nikauona ndio wa mtu mzima kama wewe, maana unalipa. Nikatia kidogo changu kwanza, niujaribu.

Basi nikaanza kuugua. Soko la Marekani, hisa hiyo inakouzwa, hufunguka huku mchana, nami niko kazini hospitali. Naingia chooni kutazama bei. Kwenye treni ya chini mtandao ukikatika, nasimama mlangoni kama mtu anayeshuka. Gawio liliingia kila Ijumaa, kweli, na kila Ijumaa mfuko wenyewe ulikuwa umesinyaa zaidi.

Nikamwonyesha Bwana Harish, Mhindi wa Mwanza anayekaa Stanmore, mhasibu pale kazini kwetu. Akasoma maelezo ya mfuko, akacheka mpaka akavua miwani.

"Nani kakwambia hii gawio, bwana? Wenyewe wanasema hapa, sehemu kubwa ni mtaji wako wanakurudishia. Umemkata kondoo wako mkia, umeukaanga, halafu unatangaza kondoo kazaa!"

"Lakini inalipa kila wiki."

"Italipa. Mkia ukiisha, utakata mguu."

Sikucheka. Nilikukumbuka wewe na kikohozi chako cha chaki, nikaona uchungu.

Dada, tangu utotoni sijakukatalia jambo. Umesema weka yote; sikuweka hata senti. Na bado situlii, maana kesho hisa ikiruka, wenzangu watanicheka nawe utasema nimekuzibia riziki. Lakini kama ni kula mtaji, ule mwenyewe, jikoni kwako, ukiona kinachopungua. Anza na paa.

Nisalimie shemeji, mwambie kahawa ya huku haiifikii yake. Mama mdogo mwambie nakula vizuri, asiulize nini. Mpwa wangu aliyejifungua, hongera zake. Binti yangu anakusalimu shangazi yake kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia, kinamgomea mdomoni tu.

Ukimaliza kusoma utapiga simu, nami nitapokea. Nigombeze utakavyo, Dada. Pesa yako ipo yote.

Mdogo wako asiyetulia,
Rashidi