Darasa la Tatu Chini ya Kitambaa cha Kijani

Waa, 10 Mei 1999

Mwanangu Muange,

Hujambo huko Voi? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi. Dada yako Nthambi amekuwa wa kwanza tena darasa la tatu. Wa kwanza! Nilipita uwanja wa shule polepole makusudi, wanione.

Nikuambie kabla hujasikia kwa watu: lori lilimgonga mtoto wa Katana, yule jirani yetu, akivuka barabara kuu kwa baiskeli, akienda shule. Mguu umevunjika, lakini anaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mamako

Voi, 17 Mei 1999

Shikamoo Mama,

Kifua kimepoa, ahsante. Wasiwasi ninao. Barabara ile haina hata tuta, na tangu ghasia za mwaka juzi za kutufukuza sisi watu wa bara, sijui nani huko atamjali mtoto wetu. Mwisho wa mwezi ninakuja kumchukua Nthambi nimpeleke kwa nyanya, Makueni. Tafadhali tusibishane.

Mwanao, Muange

Waa, 26 Mei 1999

Mwanangu mkaidi,

Umeamkaje? Mimi nimeamka maarufu. Keti nikueleze.

Niliamua kuwavusha watoto mwenyewe. Mvua ilikuwa inamwagika, nikachukua kile kitambaa kirefu cha meza, cha kijani, nilichopewa hotelini ninakofua. Nikakifunga kwenye fito, watoto wakaingia chini, fito mabegani, mimi mbele. Muange, magari yote yalisimama! Madereva wakazima redio, wakashuka, wakaja kwa heshima kupokea fito. Nikasema, kumbe wananijua!

Mmoja akaninong'oneza, "Poleni mama. Maiti ni nani?"

"Maiti? Hili ni darasa la tatu!"

Nthambi akachungulia, akasema, "Shikamoo." Yule bwana nusura akimbie.

Kumbe kwa Waislamu wa huku jeneza hufunikwa nguo kama ile, na wanawake hawalisindikizi kabisa. Jioni Salimu, mwalimu wa madrasa, akabisha hodi. Nikaomba radhi kabla hajaketi. Akasema, "Mama Muange, nguo hiyo irudi mezani. Lakini aibu ni yetu. Kwa maiti tunasimama, kwa mtoto anayekwenda shule tunapiga honi. Kesho tutawavusha sisi."

Na wanawavusha, wa miguu na wa baiskeli. Salimu upande huu, Katana upande ule, mimi katikati, maana mwenye wazo ni mimi. Mwache mtoto.

Mamako

Voi, 2 Juni 1999

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo. Jumatatu nilikuja bila kukuambia. Nilisimama kando ya barabara, mzee mwenye kanzu akanifokea, "Wee kijana, rudi nyuma, watoto wanapita!" Nikarudi nyuma. Nthambi akapita ameshikwa mkono naye, anacheka, hakuniona. Nikapanda gari la kurudi. Abaki huko.

Mwanao, Muange

Waa, 9 Juni 1999

Muange,

Salamu leo hupati. Ufike Waa, urudi Voi bila kula kwangu? Salimu ameniuliza, "Yule kijana mrefu aliyekuwa akilia barabarani, ni nani?"

Nikamwambia: huyo ni wangu, hana mfano.

Mamako