Msikilizaji wa Jumapili

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Podikasti yangu bado nairekodi ndani ya kabati, katikati ya nguo za marehemu mama, maana zinameza mwangwi. Ndiyo, zile zile ulizotaka nizigawe, tukanuniana hadi leo.

Wajuzi wa mambo haya wananishauri nitoe vipindi Jumatatu asubuhi, watu wakienda kazini, nipate wasikilizaji wengi. Unajua nilivyo mbishi, natoa Jumapili. Takwimu zinaonyesha mtu mmoja mjini kwako husikiliza siku hiyo, tena mpaka mwisho. Simu zangu hupokei, lakini Jumapili huendi kazini.

Jumapili iliyopita huko hakuna aliyesikiliza. Kipindi kipya kiko tayari, ila sikitoi mpaka nisikie sauti yako.

Mdogo wako mwenye mdomo,
Kasuku