Neno Ulilonituma kwa Baba Samweli

Dada Debora,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ni mkubwa wangu na siwezi kuanza bila kukuamkia. Ni mimi Elina, mdogo wako. Nimekaa nyuma ya nyumba yako hapa kambini, Naomi amelala mgongoni, Samweli anachezea mchanga karibu na reli. Nasema nyumba yako kwa sababu kila mtu husema hivyo, hata mimi, na huu ni mwaka na nusu tangu Baba anitoe Kinyangiri akanileta niishike nyumba na mumeo awe mume wangu.

Samweli ameng'oka jino la mbele na anaongea kwa mluzi. Naomi hujamwona. Ni binti yangu, ana paji la uso la Baba. Nimezaa, Dada, lakini kambi nzima inaniita Mama Samweli. Siku moja nilimwambia mke wa mnyapara, "Mimi ni Mama Naomi." Akacheka, akasema, "Haya Mama Samweli, tumesikia." Na mimi mwenyewe mume wetu namwita Baba Samweli kama ulivyokuwa ukimwita, maana nikisema Yona, jina lake, mdomo unaogopa.

Mwanzoni nikipika mlenda alikuwa anasema, "Debora alikuwa akitia karanga." Nikatia karanga. Akasema, "Debora hakuwa akizidisha hivi." Nikaacha karanga kabisa. Akala kimya, nami nikajua kimya kile ni chako pia.

Basi, sikukuandikia kwa ajili ya mlenda. Wanaume wa reli wanadai mshahara. Dukani kila kitu kimepanda, wao mshahara wao umekaa palepale, na wakubwa wanasema serikali haina. Chama cha wafanyakazi kikataka kila genge lipige kura, tugome au tusigome. Katibu alikuja kwa baiskeli kutoka Manyoni kutueleza. Kwa kuwa wengi hawajui kusoma, kila mtu atapewa punje mbili, hindi moja na njugu mawe moja. Hindi ni kugoma, njugu ni kuendelea na kazi. Utaingia stoo ya sururu peke yako, utatia moja kwenye kibuyu, na nyingine uitupe porini, asijue mtu.

Mume wetu akasimama mbele ya wote, akasema, "Mimi ni njugu. Msinihesabu."

Hakuna aliyemzomea. Wote walijua. Mgomo wa mara ile, treni ziliposimama, behewa la maji nalo lilisimama, na hapa kambini hatuna kisima. Wewe ulimwekea Samweli maji safi yaliyobaki, ukanywa ya bwawa la ng'ombe bila kumwambia mtu. Behewa liliporudi ulikuwa umeshaugua na kuzikwa. Baba Samweli anaamini ni yeye aliyekuua kwa kugoma kwake. Aliapa juu ya kaburi lako kwamba hataweka nyundo chini tena.

Sasa nifike pale panaponikaba.

Wewe na mimi tunajua ulichosema. Nilikuwa nimekuja kukuuguza. Asubuhi ile yeye alikuwa ametoka kutafuta gari la kukupeleka hospitali. Ulinishika mkono hapa kwenye kifundo, vidole vyako vilikuwa vya moto, ukasema, "Elina, mwambie Baba Samweli si kosa lake. Walidai haki yao. Mwambie asiogope." Ukafumba macho. Neno la mwisho, na lilikuwa lake. Mimi niliyekuwa nakupepea sikuachiwa hata moja.

Sikumwambia. Siku za msiba nilikuwa nalia, nikasema nitamwambia watu wakitawanyika. Watu wakatawanyika, nikarudi nyumbani Kinyangiri. Nilipoletwa tena nilikuwa mke, na kila akitoka kazini nilimwona anaketi ameelekeza uso kule ng'ambo ya reli ulikolala. Nikafikiri, anakupenda hivi akidhani amekuua. Je, akijua kwamba ulimsamehe? Mimi nitabakiwa na nini? Nikalimeza neno lako. Nilikuwa nakuonea wivu, Dada, wewe uliye chini ya udongo. Hata leo ninao, nisikudanganye.

Siku moja kabla ya kura nilimfuata kwa mbali. Alikwenda moja kwa moja kaburini kwako, akachuchumaa, akasema, "Debora, nifanye nini? Wenzangu wananiona mwoga." Nimesimama nyuma yake, mtoto wake mgongoni mwangu, na yeye anauliza mawe! Nina masikio, nina mdomo, darasa la tatu nilimaliza, na hajawahi kuniuliza hata kama mvua itanyesha.

Hasira ndiyo iliyonifungua. Nikalisema lote palepale, kama ulivyolisema, sikupunguza.

Hakunipiga. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliinama hadi paji likagusa mawe yako, akalia, na mimi nimesimama kama mgeni aliyechelewa msiba. Kisha akasema, "Miaka miwili, Elina."

Nikasema, "Naam."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuniuliza. Hujawahi kuniuliza kitu."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila kukutafuta wewe usoni pangu. Akajipangusa kwa mkono, akasema, "Haya. Nakuuliza. Tugome?"

Nikamwambia, gomeni, lakini subirini behewa la maji. Mara ile mliweka nyundo chini mapipa yakiwa matupu. Safari hii lije kwanza, lishushe, tujaze kila kitu hadi masufuria, ndipo kesho yake mgome. Ya bwawa tutafulia, na anayetaka kuyanywa ayachemshe kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia, "Twende ukawaambie wenyewe."

Nikawaambia. Sauti ilikuwa inakatika lakini niliwaambia. Katibu, aliyekuwa bado hapa akingoja kura, alisema ataupeleka ushauri huo na kwa magenge mengine. Mzee Hamisi, yule wa Shelui, akapiga makofi, "Hiyo ndiyo akili! Debora kabisa!"

Nilitaka nimpige mwiko.

Siku ya kura yenyewe ilikuwa vichekesho. Mke wa mnyapara aliona bakuli la njugu mezani kwa katibu, akadhani ni za kumkirimu mgeni, akazikaanga zote na chumvi. Za kubadilisha hazikuwepo. Basi wanaume wakaingia stooni na kura inayonukia. Mzee Hamisi akatoka anatafuna. Mnyapara akamuuliza, "Unatafuna nini?" "Njugu." "Basi tumeshajua kura yako!" "Jueni. Mimi nina njaa. Wewe katafune hindi lako tukuone." Watu wakaanguka kwa kicheko. Baada ya hapo siri ikaisha. Mmoja baada ya mwingine walitoka wanatafuna, na katibu ameshika kichwa.

Baba Samweli alikuwa wa mwisho. Alitoka mdomo umefungwa, hatafuni kitu, na mimi nikadhani njugu ameitia kibuyuni. Akapita katikati ya watu wote, akaja hadi niliposimama na wanawake wenzangu, akafungua kiganja. Njugu yake ilikuwa humo, imeloa jasho.

"Kula, Mama Naomi," alisema.

Nikaila mbele ya mke wa mnyapara. Niliitafuna polepole.

Mahindi yalizidi mbali. Behewa limekuja leo asubuhi, tumejaza mapipa yote, hata beseni la kuogeshea watoto lina maji. Kesho hakuna atakayeinua nyundo. Sijui itachukua siku ngapi, sijui kama wakubwa watakubali, lakini nina matumaini. Naomi atasoma kuliko mimi, na Samweli wako naye, tena hata zaidi, maana anapenda kuuliza.

Nisamehe kwa kukaa na neno lako. Lilikuwa lake, nami nimelifikisha, limechelewa lakini limefika. Sitakuahidi kwamba wivu umekwisha. Jana tu kaniambia chai yangu ni tamu kama yako, nikainyima sukari ya leo.

Kitu kimoja nakuahidi. Wewe uliwapa wengine maji, ukanywa tope kwa siri. Mimi sitafanya hivyo. Nitawapa watoto, nitampa baba yao, na mimi nitakunywa humohumo, kikombe kilekile, wazi. Nitaishi, Dada. Maana mdogo wetu Roda amekua, amekuwa mrefu na mzuri, na Baba nyumbani ameshaanza kumtazama kwa mawazo. Mimi sitaki siku moja Roda akae hapa nyuma ya nyumba, aniandikie barua mimi.

Pumzika, mkubwa wangu. Nyumba nimeishika.

Elina, Mama Naomi