Kisima Kinachongoja Wageni

Junda, Kisauni,
Mombasa.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Garama,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa nyumba nzima. U hali gani huko Kanada? Baridi imepungua, au bado wavaa makoti matatu? Roseline na mtoto hawajambo? Mama magoti yamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa. Jana amenigombeza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Joto la huku usiulize.

Habari kwamba mwaja Agosti, wewe na marafiki wa kanisa lenu, imetufikia. Mama alipiga vigelegele. Mimi nina langu la kusema, na ndiyo maana nimeshika kalamu, kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza maneno.

Waujua mweria wetu, ujima ule wa kusafisha kisima. Kila mwaka kabla ya masika mtaa mzima twatoka kuzoa tope. Wengine washuka, wengine wavuta ndoo, sisi wanawake twapika sima na mboga ya mchunga, kisha twala pamoja. Hakuna aliyewahi kulipwa, wala kuuliza.

Mwaka jana wageni wako, hao hao wa kanisa lenu, walitukuta kazini. Ni watu wema, sitawasema vibaya. Waliona watu wametapakaa tope wakaingiwa na huruma, wakamgawia kila mmoja unga, mafuta na fulana ya kanisa. Siku ile tulicheza ngoma! Hata mimi nilipokea, na mafuta yale yalitufaa.

Basi mwaka huu Mwarandu, ambaye ndiye huuita mweria, alipita nyumba kwa nyumba kama ada yake. Siku ilipofika watu walijaa, nami nikafurahi. Kumbe! Wamevaa fulana zile, kila mtu na mfuko mtupu kwapani, wamekaa kivulini. Jirani yetu Thoya akauliza, "Wageni wafika saa ngapi?" Mwarandu akamwambia hakuna wageni, kuna tope. Watu wakacheka, wakidhani atania. Walipojua ni kweli, wakaondoka mmoja mmoja. Sima yangu ikabaki sufuriani, jamani, sima ya watu wote wale!

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na sasa hata hasira sina. Nimewaendea akina mama wa kikundi chetu. Nimemwomba mchungaji aseme kanisani. Nimemwendea hata Mwanarehema, ambaye akisema neno hapa mtaani husikizwa. Wote wanijibu kwa upole, "Subiri, Florence, si nduguyo yuaja?" Wala hawana ubaya. Waamini tu kwamba kazi ile sasa ina wenyewe.

Maji yanuka, Garama. Wenye uwezo wanunua ya mkokoteni, wengine wachota hivyo hivyo. Mtoto wa Vivian, mjukuu wa Thoya mwenyewe, ameharisha mpaka akalazwa. Ametoka, lakini amebaki macho tu. Na masika yakiingia tope likiwa bado, kuta zitaporomoka na kisima tumekikosa.

Wasema safari hii mwaleta pampu. Sijui nikwambie nini. Mkija nayo, siku itakayoharibika watu watakaa kivulini kuwangoja. Msipokuja, mtaa mzima utasema dada yake Garama ndiye aliyewazibia riziki. Na hata hivyo Agosti ni mbali mno, watoto wanywa sasa. Nimechoka kufikiri, ndugu yangu. Huku naumia, kule naumia.

Mama ana shauri lake. Asema uje upesi, peke yako, bila zawadi, na suruali kuukuu ya kazi, ushuke mle alimokuwa akishuka marehemu Baba. Asema watu wakikuona wewe umejaa tope watasimama. Natamani kumwamini. Lakini ukishafika chini, nani atakushikia kamba? Mama hana nguvu, nami peke yangu sikuwezi. Jana nimezunguka nyumba zote nikiuliza nani atajitolea kukuvuta. Wameniuliza utakuja na nini.

Mwarandu akusalimu sana, na Mwanarehema pia. Nisalimie Roseline, na mtoto mkumbatie kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akutunze ugenini, na atuonyeshe njia, maana mimi sijaiona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,

Florence